Mashine Ilivyofundishwa Kusema "Bado"

Katika lugha yetu limo neno dogo lenye herufi nne tu, nalo hubeba mzigo mzito kuliko maneno mengi marefu. Neno hilo ni bado. Abiria akifika stesheni ya Voi na kuuliza kama treni ya Mombasa imefika, aweza kujibiwa kwa njia tatu. Aweza kuambiwa, "Imefika," naye akabeba mizigo yake akapanda. Aweza kuambiwa, "Leo haiji," naye akatafuta basi au akarudi kwao Mwatate. Na aweza kuambiwa, "Bado." Jibu hili la tatu si ndiyo wala si la. Humwarifu kuwa anachokitaka hakipo sasa, lakini kinatazamiwa. Basi asikate tamaa, wala asisimame jukwaani kama nguzo. Na aende akanywe chai kwa mahamri, amalize shughuli zake ndogo, kisha arudi.

Kwetu sisi jambo hili ni jepesi, hata mtoto wa miaka mitatu hulielewa. Lakini kompyuta, ambazo zilitungwa na watu wenye elimu kubwa, zilikaa miaka mingi bila kulijua neno hilo, na baadhi yake zilipofundishwa kwa mara ya kwanza zililitamka vibaya, hata lisitofautike na neno "basi." Insha hii ni habari ya jinsi neno bado lilivyoingizwa katika kiini cha kompyuta, kwa nini lilihitajiwa, na makosa yaliyofanywa njiani. Kwa kuwa mambo ya kiini cha kompyuta hayaonekani kwa macho, tutaanza na mahali panapoonekana, yaani pale Voi.

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Ilipanda kutoka pwani, ikakata nyika ya Taru isiyo na maji, na mwishoni mwa mwaka 1897 ikafika Voi, maili mia moja hivi kutoka baharini, chini ya milima ya Taita. Mwaka 1899 ilifika Nairobi, na mwaka 1901 ilifika Kisumu kandokando ya ziwa. Reli hiyo ilikuwa ya njia moja. Treni mbili zinazokabiliana haziwezi kupishana katika njia moja ila penye njia ya pili ya kando, na aghalabu mahali hapo ni stesheni. Kwa hiyo treni iliyotoka pwani ilikuwa na desturi ya kusimama na kuingoja ile iliyotoka bara. Dereva hakuwa na ruhusa ya kuondoka kabla ya kupata kibali, na habari za mwendo zilipita katika waya wa telegrafu ulioandamana na reli.

Kisha vikaja Vita Vikuu vya Kwanza. Mwezi wa Agosti mwaka 1914 majeshi ya Wajerumani yaliiteka Taveta, nao Waingereza wakaona hapana budi kupata njia ya kupelekea askari, chakula na maji upande ule. Mwaka 1915 ilianza kujengwa reli ya kijeshi kutoka Voi kuelekea magharibi, kupitia Mwatate na Maktau. Mwaka 1916, baada ya Taveta kutwaliwa tena, reli hiyo ilivuka mpaka ikaungana na ile ya Wajerumani iliyotoka Tanga kwenda Moshi. Tangu hapo Voi haikuwa tena stesheni ya kupita tu. Ikawa njia panda: reli moja yashuka Mombasa, moja yapanda Nairobi, na moja yaenda Taveta.

Sasa, msomaji, mfikirie stesheni masta katika njia panda kama hiyo. Mbele yake pana waya tatu, na kila waya waweza kuleta habari wakati wowote. Tuseme amekaa mbele ya waya wa Mombasa, naye ameapa kuwa hatainuka hata waya huo useme. Waya wa Mombasa uko kimya. Wakati huohuo Taveta yaita, na Nairobi yaita, lakini yeye hasikii, kwa sababu amejifunga kwa mmoja. Mtu huyo si mvivu. Pengine ni mwaminifu kupita kiasi. Hata hivyo kazi ya stesheni nzima imesimama juu ya uaminifu wake. Wahenga walisema, "Mshika mbili, moja humponyoka". Naye huyu ana tatu za kushika. Atafanyaje? Fumbo hilihili ndilo lililowakabili watunzi wa kompyuta.

Katika kila kompyuta mna programu nyingi: moja huandika barua, moja hupiga hesabu, nyingine huonyesha picha. Katikati yao ipo programu moja kuu ambayo mtumiaji haioni, nayo ndiyo kiini cha mfumo endeshi. Kiini ndicho kinachoshika funguo za vitu vyote vya mashine, yaani kumbukumbu, diski, kibodi, kioo na waya za mtandao. Programu nyingine haziruhusiwi kuvigusa vitu hivyo zenyewe. Hupeleka maombi kwa kiini, nacho huzitimizia.

Zamani za miaka ya 1950 mambo yalikuwa duni. Kompyuta ilifanya kazi moja mpaka mwisho, ndipo ikashika nyingine. Ikiwa kazi ile ilihitaji kusoma kadi zilizotobolewa, mara nyingi mashine yote, yenye thamani ya fedha nyingi, ilisimama kuzingoja kadi. Mwaka 1961, katika chuo cha MIT huko Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo ulioitwa CTSS, ambao uliwawezesha watu kadhaa kuitumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Kazi ya mtu mmoja ikingoja, mashine humhudumia mwingine. Huo ulikuwa ushindi mkubwa wa kwanza juu ya kungoja.

Mwaka 1969 Ken Thompson, wa maabara ya Bell katika jimbo la New Jersey, alianza kutunga mfumo endeshi mdogo juu ya kompyuta aina ya PDP-7 yenye kumbukumbu ya maneno 8,192 tu. Dennis Ritchie alishirikiana naye, na mfumo huo ukaitwa Unix. Sifa yake moja ilikuwa wepesi wa namna yake ya kuomba. Programu ikitaka kusoma faili, huomba lifunguliwe, nacho kiini huipa namba ndogo, kama vile karani wa stoo anavyompa mwenye mzigo kijiti chenye namba. Namba hiyo tuiite kishikio cha faili. Ukiwa na kishikio waweza kusoma, waweza kuandika, na ukimaliza wakirudisha. Ajabu yake ni kwamba kishikio hicho hakikuwa cha faili za diski peke yake. Kibodi ilikuwa na kishikio, waya wa simu ulikuwa na kishikio, na hata mfereji wa kupitisha maneno kutoka programu moja hadi nyingine ulikuwa na vishikio. Aliyejua kusoma faili alijua kusoma kila kitu.

Lakini itakuwaje programu ikiomba kusoma kibodi, na mtu hajabonyeza hata herufi moja? Unix ilijibu kwa busara ya wakati wake: kiini huilaza programu ile usingizi. Prosesa, yaani ile sehemu ya mashine inayotenda hesabu, hupewa programu nyingine. Herufi ikibonyezwa, kiini humwamsha aliyelala na kumpa alichokiomba. Mwenye kuandika programu hakuwa na haja ya kujua kuwa amelazwa. Kwake yeye aliomba, akapata. Tusiudharau utaratibu huu, maana ni mzuri, na hata leo ndio unaotumika mahali pengi. Subira huvuta heri, na programu yenye jambo moja tu la kufanya haina hasara yoyote ikilala mpaka jambo lake liwe tayari.

Hasara ilianza kwa programu yenye mambo mawili. Mfano wake ni programu iliyoitwa cu, ambayo kazi yake ilikuwa kumuunganisha mtu na kompyuta ya mbali kwa waya wa simu. Ilipasa kusikiliza pande mbili: maneno ya mtu katika kibodi, na maneno ya kompyuta ya mbali katika waya. Ikilala kwenye kibodi, haisikii waya. Ikilala kwenye waya, haisikii kibodi. Ni yuleyule stesheni masta aliyejifunga kwa Mombasa huku Taveta ikiita. Watunzi wake walitumia hila ya kuigawanya programu ikawa mbili, moja ilale kwenye kibodi na moja kwenye waya, kana kwamba stesheni imeajiri karani mmoja kwa kila waya. Hila hiyo ilifaa kwa waya mbili. Lakini je, kwa waya mia? Makarani mia wanahitaji viti mia na mishahara mia, na kila wanapotaka kupatana juu ya jambo moja wanahitaji mkutano.

Mtandao ndio uliolifanya jambo hili kuwa la haraka. Katika miaka ya 1970 kompyuta za vyuo na maabara za Marekani zilikuwa zimeanza kuunganishwa, na programu moja ilijikuta ikizungumza na mashine nyingi za mbali. Mwishoni mwa miaka hiyo Jack Haverty, wa kampuni ya BBN huko Massachusetts, alikiongezea kiini cha Unix maombi mawili mapya. La kwanza lilikiuliza kiini, "Katika kishikio hiki naweza kusoma au kuandika kiasi gani bila kulazwa?" La pili lilisema, "Nilaze, lakini uniamshe lolote kati ya haya litakapotokea." Hapo ndipo waliposhika shina la jambo: programu ipate kujua hali ya mlango kabla ya kuubisha, na ipate kungoja milango mingi kwa pamoja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya AT&T, iliyomiliki Unix, nayo ilitia katika kiini chake alama iliyoitwa O_NDELAY. Programu ilifungua kishikio na kukiwekea alama hiyo, maana yake, "Usinilaze kamwe, kama hakuna kitu, niambie mara moja." Kwa maelezo jambo hili laonekana dogo: kiini kinapokaribia kumlaza mwombaji, kitazame kwanza kama alama ipo, na ikiwapo kimrudishe. Kwa kweli halikuwa dogo. Kiini si chumba kimoja. Kila aina ya kifaa ina mlango wake na bawabu wake. Bawabu wa kibodi, bawabu wa mfereji na bawabu wa waya wa simu wote ilipasa wafundishwe desturi mpya, na mmoja akisahauliwa, programu iliyoahidiwa kuwa haitalazwa hulazwa.

Hapa ndipo kosa letu lilipoingia. Katika Unix, ombi la kusoma hurudisha hesabu ya herufi zilizopatikana. Likirudisha 20, zimepatikana 20. Likirudisha sifuri, tangu mwanzo maana yake ilikuwa moja: faili limekwisha, hakuna tena. Sasa kishikio chenye alama mpya kilipokosa kitu cha kusoma, kiini cha AT&T kilirudisha nini? Kilirudisha sifuri. Hakika hesabu ilikuwa ya kweli, maana herufi zilizopatikana zilikuwa sifuri. Lakini maana ilipotea. Programu iliyopokea sifuri haikuweza kujua kama mwenzake wa mbali yu kimya kwa kitambo, au amekwisha kata waya na kwenda zake. "Bado" na "haiji" yalikuwa yametiwa katika neno moja.

Tafakari hasara yake, ewe msomaji. Abiria anayeambiwa "hakuna treni" aweza kuondoka dakika tano kabla ya treni kuingia. Au aweza kukesha jukwaani akiingoja treni iliyofutwa. Aina zote mbili za upotevu hutoka katika jibu moja lisilo wazi. Programu iliyodhani "bado" ni "basi" ilifunga mlango na kuyapoteza maneno yaliyokuwa njiani. Ile iliyodhani "basi" ni "bado" iliuliza milele mlango usio na mtu.

Watu wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley walikuwa na Unix yao wenyewe, na toleo lao la 4.2BSD la mwaka 1983 liliyatenganisha mambo haya mawili. Kwao sifuri ilibaki kuwa mwisho. Kukosa kitu kwa kitambo kulirudishwa kama kosa la namna ya pekee, lenye jina linaloeleza kwamba ombi hili lingekulaza. Mwaka 1988 kanuni za POSIX, zilizokusudiwa kuzipatanisha Unix za namna mbalimbali, zilichukua njia hiyo ya wazi. Zilitunga alama mpya, O_NONBLOCK, na kuagiza kwamba kishikio kisicho na kitu kirudishe kosa la EAGAIN, yaani "jaribu tena." Alama ya kale ya AT&T haikupewa maana mpya, kwa sababu zilikuwapo programu zilizoitegemea kwa maana yake ya zamani. Ndivyo kompyuta ilivyopata neno bado lililo safi.

Kanuni hizo zilihusu kuandika vilevile. Ukipeleka magunia sitini stoo yenye nafasi ya arobaini, karani wa zamani angekushika mlangoni mpaka nafasi ya ishirini ipatikane. Kwa alama mpya huyapokea arobaini na kukwambia, "Nimepokea arobaini." Ni juu yako kuyakumbuka ishirini yaliyobaki. Uhuru wa kutolazwa una gharama yake, nayo ni kwamba sharti programu ikumbuke yenyewe ilipofikia katika kila shughuli, kazi ambayo hapo awali usingizi uliifanya kwa niaba yake.

Kujua neno bado, hata hivyo, ni nusu ya hekima. Mtoto aliyejifunza kuuliza, "Tumefika?" na akajibiwa, "Bado," huuliza tena baada ya hatua tatu, na tena, na tena, mpaka mzazi akachoka. Programu iliyopata bado na kurudia ombi lake bila kupumzika hufanya vivyo hivyo. Huzunguka mlango hadi mlango mara maelfu katika sekunde moja, ikiila nguvu ya prosesa na kuwanyima wenzake, wala hainufaiki. Ngojangoja huumiza matumbo, na kuulizauliza nako huumiza mashine.

Dawa yake ilikuwamo katika toleo lilelile la Berkeley la mwaka 1983, nayo iliitwa select. Programu hukipa kiini orodha ya vishikio vyake vyote na kusema, "Nilaze mpaka mmojawapo uwe tayari." Kwa hiyo programu hulala tena, lakini haikujifunga kwa mlango mmoja. Stesheni masta amepata kengele moja iliyounganishwa na waya zote tatu. Aweza kusinzia kitini, na waya wowote ukiita ataamka.

Katika kulitekeleza jambo hilo ndani ya kiini kulikuwa na hatari moja iliyofichika. Mlinzi akitazama njia, akaiona tupu, kisha akageuka kwenda kulala, treni yaweza kuingia katika nafasi ile ndogo iliyo kati ya kutazama na kulala. Kengele inalia wakati bado hajalala, kwa hiyo hakuna wa kuamshwa. Kisha analala, na kengele hailii tena. Kwa ajili hiyo mojawapo ya taratibu zilizo salama ni hii: kwanza jiandikishe kwamba wataka kuamshwa, ndipo utazame, ndipo ulale. Ukiligeuza fuata hili, utapata mashine inayofanya kazi vema mara elfu na kuganda mara moja, tena bila kuacha dalili ya sababu yake.

Mtandao ulipokua, select nayo ililemewa. Kila mara programu ilipoiita ilipasa kukabidhi orodha nzima upya, na kiini kilipasa kuipitia yote kishikio kwa kishikio. Kwa vishikio kumi haikuwa taabu. Mwaka 1999 mhandisi Dan Kegel aliandika maelezo yaliyosomwa sana juu ya shida ya kuwahudumia wateja elfu kumi kwa wakati mmoja kwa kompyuta moja. Alionyesha kuwa vyuma vya mashine za siku zile viliweza kuubeba mzigo huo. Kilichokwama ni utaratibu wa kungoja. Majibu hayakukawia. Mwaka 2000 Jonathan Lemon aliutia katika mfumo wa FreeBSD utaratibu ulioitwa kqueue. Mwaka 2002 Davide Libenzi aliutia ule ulioitwa epoll katika Linux, mfumo ambao kiini chake kilianzishwa na Linus Torvalds kule Helsinki mwaka 1991. Katika taratibu hizi mbili programu huandikisha vishikio vyake mara moja tu. Baadaye kiini huieleza vile vilivyo tayari peke yake, bila kuvitaja vinavyolala. Mrusi Igor Sysoev alijenga juu ya misingi hiyo seva ya nginx, aliyoitoa kwa watu mwaka 2004, ambayo kila mtendakazi wake mmoja huweza kuhudumia maelfu ya wateja.

Hata hivyo mlango mmoja ulibaki nyuma. Alama ya kutolazwa ilifaa kwa waya, mifereji na kibodi, lakini haikuwa na nguvu juu ya faili za kawaida za diski. Kiini kilizihesabu kuwa ziko tayari siku zote, ingawa diski yaweza kukawia. Programu iliyodhani haitalala ililazwa na diski bila kuambiwa. Mwaka 2019 Jens Axboe aliingiza katika Linux utaratibu wa io_uring, ambao ndani yake programu huweka maombi yake katika foleni moja, faili za diski zikiwamo, na kuokota majibu katika foleni nyingine kadiri yanavyokamilika. Tangu siku za Thompson ilikuwa imepita miaka hamsini kamili.

Huenda msomaji akauliza, "Na haya yananihusu nini mimi niliye Voi au Wundanyi?" Yanamhusu sana. Mwaka 2009 nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, na maneno yaliyokuwa yakipandishwa angani kwa setilaiti yakaanza kupita chini ya bahari. Simu za Android, zinazoshikwa na watu wengi nchini, zina kiini cha Linux ndani yake. Mwanafunzi aliye katika milima ya Taita akifungua ukurasa uliohifadhiwa Ulaya, ombi lake lashuka hadi pwani, lavuka bahari na kurudi. Safari hiyo yaweza kuchukua kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwetu sisi huo si muda wa kupepesa jicho, lakini prosesa yenye kutenda hatua bilioni moja kwa sekunde ingeweza kutenda hatua milioni mia moja katika muda huo. Kama programu ya simu ingejifunga kwa waya ule, kioo kingeganda, kidole kisingesikika, na mwenye simu angedhani imekufa. Ikiwa hagandi, ni kwa sababu ndani yake mna neno bado.

Tena liko jambo lenye uzito zaidi ya kioo kuganda. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi wa Machi mwaka 2007, watu wamezoea kutumiana fedha kwa simu. Mfikirie mtu yeyote anayetuma karo ya mtoto kwa njia ya mtandao, kisha mtandao ukanyamaza. Akiudhania ukimya kuwa ni kukataliwa, atatuma mara ya pili na kulipa maradufu. Akidhania kukataliwa kuwa ni ukimya, atangoja mpaka mtoto arudishwe nyumbani. Kati ya "bado" na "imeshindikana" pana fedha za mavuno ya msimu mzima. Mtunga programu anayeyachanganya maneno hayo mawili hawezi kujitetea kwamba hesabu yake ilikuwa sahihi, kama ile sifuri ilivyokuwa sahihi.

Mwaka 2017 treni mpya za reli pana zilianza kusimama Voi katika stesheni mpya. Reli hiyo nayo kwa sehemu kubwa ni ya njia moja, na treni zake hupishana penye njia za kando, kama zile za mwaka 1897. Kungoja hakukuondolewa na reli mpya, wala hakukuondolewa na kompyuta mpya. Waya una urefu wake, diski ina mwendo wake, na mtu mwenye kibodi ana mawazo yake. Kilichogeuka ni namna ya kungoja: zamani aliyengoja alijifunga kwa mlango mmoja, akaikosa dunia, sasa anayengoja hujiandikisha, hushika shughuli nyingine, na huitwa wakati wake ukifika.

Na hayo yote yalisimama juu ya jibu la kweli. Haikutosha mashine ijibu upesi, maana sifuri ya AT&T ilijibu upesi. Ilipasa ijibu kwa namna ambayo aliyeuliza atajua afanye nini: achukue, aondoke, au arudi. Vijana wa shule ambao kesho watatunga programu, au watakaa nyuma ya dirisha la ofisi wakiwajibu watu waliosafiri kutoka mbali, na walikumbuke hilo. Mtu akikuuliza juu ya jambo lake, nawe huna cha kumpa kwa sasa, usimwache mlangoni, wala usimpe sifuri. Kama litakuja, mwambie bado. Na kama haliji, mwambie haliji.